Isale ya Mtu Aliyezama na Meli

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika Masama. Ng'ombe amezaa, na babu yako anajisifu kana kwamba kazaa yeye.

Unauliza kama baba yangu aliogelea meli ya mvuke ilipozamishwa vitani. Aogelee wapi, mtu wa migombani! Jipu la makalioni lilimlaza hospitali, meli ikaondoka bila yeye. Huku tuliambiwa wote wamekufa, tukamlilia.

Mchana mmoja akabisha hodi. Mama alidhani ni mzimu, akajifungia nami ndani. Baba akapenyeza jani la isale chini ya mlango. Kwetu, anayeomba msamaha kwa isale hakataliwi.

"Nisamehe, Mama Anna, kwa kukuliza bure."

Mama akaegemea mlango usifunguke. "Mume wangu hakuwahi kuomba msamaha. Nenda zako, mzimu!"

Baba akachoka. "Fungua, mwanamke, nina njaa!"

"Huyo ndiye!" Mama akafungua, akicheka na kulia.

Tangu hapo, kila baba alipomletea isale, mama alimjibu, "Karibu, mzimu." Aliomba msamaha mara nyingi, hadi ua wa isale getini ukabaki vijiti.

Sasa umeota tena. Ukimkosea mwenzio huko, njoo uchume.

Bibi yako, Anna