Vitabu Nilivyovipima kwa Mkono

Bwana Mshauri wa gazeti letu,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba unishike mkono, maana nimekwama, na mimi si mtu wa kukwama. Nilikuwa mpagazi wa vita, nikawa baharia mpaka Bombei na Durban, kisha nikakaa miaka tisa ghala la forodha nikipiga chapa marobota, na mwulize yeyote kutoka Feri mpaka Mnazi Mmoja, atakwambia chapa yangu haijapata kupoteza robota.

Basi mwezi uliopita Mwalimu Mkuu wa skuli moja hapa mjini alinichukua nipange kabati la vitabu, kila kitabu nikibandike karatasi yenye rangi ya darasa lake kama ilivyo katika orodha ya masomo iliyotoka Idara ya Elimu, nyekundu ikiwa ya darasa la tatu, wale wanaoanza Kiingereza, mpaka buluu ya darasa la sita. Akaniuliza, "Kiingereza unakisoma?" Nikamwambia, "Mwalimu, nimekinywa baharini kama maji." Vya Kiswahili nilivibandika sawasawa. Vya Kiingereza vilikuwa arobaini na viwili, na hapo ile orodha ilinitazama nami nikaitazama, tukashindwa kusalimiana. Nikafanya kama ghalani, ambako mchukuzi mdogo hatukumpa robota kubwa: nikavipima kwa mkono, vyepesi nikawapa wadogo, vizito nikawapa wakubwa.

Na kabati lilipendeza, usiseme. Mwalimu Mkuu aliita skuli nzima ije ilitazame, mke wangu Zamda akawatangazia majirani, na sasa barazani naitwa Bwana Vitabu, nami sikatai.

Kumbe vitabu havina tabia ya marobota. Kile chembamba kuliko vyote ni cha kupima viwanja, hesabu tupu, nacho kimekaa darasa la tatu. Kile kinene kama tofali, cha karatasi ngumu na picha za jogoo na mbuzi, kimekwenda kwa vijana wa darasa la sita wenye masharubu. Mwalimu Abbasi, kijana anayefundisha darasa la tatu, alinijia na kile chembamba.

"Shikamoo mzee. Hiki kweli ni cha hawa wadogo?"

"Marahaba. Wewe mwalimu au mimi?"

"Mimi, mzee."

"Basi fundisha. Idara wanajua wanalolifanya."

Naye kwa adabu yake akafundisha. Wiki ya tatu sasa watoto hawaambulii kitu, na Mwalimu Mkuu amemkemea mbele yangu kwamba Mkaguzi akija mwisho wa mwezi akawakuta hivi, Abbasi ataandikwa kuwa hajui kazi na skuli itamwacha. Mimi nilikuwa pale kabatini nimeshika ngazi, nikaendelea kuishika.

Nafikiri Ijumaa watu wakienda kusali nibandue karatasi zote kimyakimya, lakini nizirudishe kwa orodha gani, nami siisomi? Nikisema, Bwana Vitabu amekwisha. Nisiposema, kijana amekwisha, na kila asubuhi ananipa shikamoo na inanichoma.

Jina nalificha.
Mpiga Chapa, Kariakoo

*

Bwana Mpiga Chapa,

Umeficha jina lako, kisha ukamtaja mkeo, ghala na kabati lenyewe. Gazeti hili husomwa kwa sauti barazani, na wakifika aya ya pili Kariakoo nzima watakuwa wamekujua. La kuficha limekwisha. Jina la mwalimu tumelibadili sisi, maana wewe hukukumbuka kumsitiri.

Pole, nasema kwa moyo. Kutosoma Kiingereza si aibu, na huko kupima vitabu kwa mkono kumenichekesha mpaka machozi. Kosa lako ni lile swali, "Wewe mwalimu au mimi?" Kijana alikuja na adabu na ukweli, ukamrudisha na uongo, tena ukausingizia Idara. Na siku alipokemewa, ukashika ngazi. Baharia gani wewe?

Sasa sikiliza. Leo hii, kabla kahawa yako haijapoa, nenda kwa Abbasi ukamwombe radhi, wewe mzee kwake yeye kijana. Kisha mwende wote kwa Mwalimu Mkuu, na useme wewe, yeye asifumbue kinywa. Usibandue kitu peke yako Ijumaa, utachana migongo ya vitabu uwe na makosa mawili. Abbasi asome orodha, wewe ubandike karatasi mpya juu ya ile ya zamani. Vitabu arobaini na viwili ni kazi ya siku moja kwa mtu wa forodha, na vikiisha jisifu upendavyo, maana mkono wako ni safi kweli.

Ila bakiza karatasi moja nyekundu. Ibandike kwenye daftari lako mwenyewe, na kila alasiri watoto wakitoka, ukae mbele ya Abbasi na kile kitabu cha jogoo na mbuzi. Ni kizito, lakini wewe mizigo umeizoea.