Mama Kalia Kiti

Chumba cha cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, baada ya kuanua nguo.

Dada yangu mpendwa,

U hali gani? Safari hii siulizi kwa mazoea. Nauliza, na jibu nalitaka. Mguu vipi? Hapo najua umeshtuka, unajiuliza huyu kajuaje habari za mguu. Shtuka kidogo, halafu vuta pumzi, tutafika huko.

Sisi huku hatujambo. Mama anaamka vizuri, anakunywa chai yake kwa kelele, na bado anawagombeza wajukuu kwa majina ya watoto wake. Binti yangu mdogo siku hizi akiitwa kwa jina lako anaitika, kachoka kusahihisha. Shemeji yako fundi bomba ni mzima, ila mgongo unamlia kwa kuinama chini ya masinki ya watu. Mimi nimezama kwenye sare za shule. Kila nikigeuka naona kola nyeupe, hata usingizini nashona kola.

Sasa nikwambie ukweli: nina wivu. Sio ule wa kuchekea, ni wivu wa kukwamisha chakula kooni. Na wivu wenyewe ni juu yako wewe, kwa sababu ya mwanamke mmoja nisiyemjua, ambaye anakujua kuliko mimi mdogo wako wa tumbo moja. Nisipousema leo utanivimbia.

Unawakumbuka wale jamaa zetu wa roki, wa kaseti yenye jalada jekundu? Wako hai, Dada! Tena wamekuja kupiga hapa hapa mjini. Shemeji yako aliitwa kuzibua vyoo vya ukumbi siku chache kabla, na meneja akafurahi mno maji yalivyoshuka, akampa tiketi mbili. Yeye akataka kwenda na fundi mwenzake. Nilimwambia thubutu, ukienda na huyo, urudi kulala kwake.

Huwezi kuwa umesahau ule wimbo wa upande wa pili, ule unaoanza na gitaa peke yake. Wewe ulikuwa ukipiga pasi, mimi nimekaa sakafuni na redio mapajani. Kiingereza chao cha puani hatukukielewa hata kidogo, na kwenye kiitikio mimi ndiye niliyesema, wanasema "Mama kalia kiti". Ukanibishia. Ukairudisha kaseti kwa kalamu, ukabandika sikio kwenye spika, ukasikiliza, ukaacha pasi mpaka shati la Baba likaungua. Halafu ukasema, "Kweli bwana, wanasema hivyo."

Tangu siku ile Mama akisimama jikoni tunamwimbia. Mama kalia kiti! Naye anajibu, "Nikikaa, mtakula hicho kiti?" Ikawa ndiyo lugha yetu. Wewe ukirudi umechoka, nakwambia kalia kiti. Mimi nikilia, unaniambia kalia kiti. Hatukumfundisha mtu. Yalikuwa maneno ya nyumba hii, na mwenye kuyagundua ni mimi.

Basi tukaenda. Shemeji yako alijaza pamba masikioni tangu mlangoni, akaniambia atasikiliza kwa macho. Taa zikazimwa, watu wakapiga mayowe, wazee wakatoka. Maskini wa Mungu, wamezeeka! Mwimbaji nywele zimehama zote mbele zimebaki nyuma, tumbo limetangulia mkanda. Mpiga ngoma ana miwani ya kamba shingoni kama ya Mama. Nikasema moyoni, haya, leo tumekuja kutazama babu zetu. Kisha akafungua mdomo. Sauti imekwaruza, sikatai, lakini ilinifikia mpaka vidole vya miguu, nikajikuta nimesimama na ninapiga kelele kama mtoto wa shule aliyefunguliwa geti.

Shemeji yako akatoa pamba sikio moja. "Huyo mzee mbona unamshangilia hivyo? Mimi nikirudi nyumbani unaniuliza tu kama nimenawa."

"Wewe una gitaa?"

"Nina bomba."

Tangu hapo akanuna, mikono kifuani. Mtu na akili zake anamwonea wivu mzee asiye na nywele. Lakini nani wa kumcheka? Pale mbele palikuwa na bibi mmoja kapaka nywele rangi ya moto, mwimbaji akamrushia taulo alilojifutia jasho, akalikumbatia. Roho iliniuma. Taulo la jasho, Dada, na mimi nalitamani!

Lakini kilichonichoma ni cha mpiga gitaa. Yeye alitoka wa mwisho, anachechemea, kashika ukuta. Ukumbi ukanyamaza, unajua ule ukimya wa watu wanaoona haya kwa niaba ya mwingine. Mwimbaji akaacha maikrofoni, akaenda pembeni mwenyewe, akarudi na kiti. Akakipangusa kwa mkono wa shati. Akakigonga gonga mgongo, kama kumwambia mwenzake, hiki hapa. Mzee akakaa, akaweka gitaa pajani, akapiga. Hakuna aliyecheka. Alipiga vizuri zaidi akiwa amekaa kuliko alivyopiga kwenye kaseti akiwa kijana amesimama. Nikalia. Wamekaa pamoja maisha yote, wameshiba ugomvi wao, na mmoja goti likimgoma mwenzake anajua pa kutafuta kiti. Nikawaonea wivu nikikukumbuka wewe.

Ndipo wakaanza wimbo wetu. Gitaa peke yake, kama tulivyouzoea. Kufika kiitikio mwimbaji akatugeuzia maikrofoni tuimbe sisi. Watu wote wakaimba Kiingereza chao, mimi nikapaza sauti yangu yote: Mama kalia kiti!

Na nyuma yangu, mtu mwingine akaimba: Mama kalia kiti!

Nikageuka kama niliyemwagiwa maji. Mwanamke mpana wa mabega, ana kovu la pasi mkononi, kafumba macho, anaimba kwa raha zake. Nikamshika mkono.

"Wewe, hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Kwani wewe umeyatoa wapi?"

"Ni yangu!"

Shemeji yako akaanza kunivuta sketi, akidhani nataka kupigana, na kwa kweli hakukosea sana. Yule mama akanitazama, akanitazama, macho yakamtoka. Akasema, "Wewe ni Kidomo."

Dada, jina hilo hakuna anayeniita duniani ila wewe. Kulisikia kwenye mdomo wa mtu baki ni kama kumkuta kavaa nguo yangu ya ndani.

Milima haikutani, binadamu hukutana. Tulitoka nje kwenye korido ili tusikilizane. Akaniambia amefanya kazi na wewe miaka mingi huko uliko, kwenye chumba cha dobi cha hospitali, na sasa amerudi nyumbani moja kwa moja. Akanionyesha mnavyokunja mashuka, watu wawili, kila mtu na ncha zake, mnarudi nyuma, mnayanyoosha, mnasogeleana mpaka mikono inakutana katikati. Na kila mkikutana mnaimba Mama kalia kiti. Anacheka huku anaeleza. Mimi nahesabu moyoni mara ngapi mikono yenu imekutana, na mimi yako nimeishika mara ya mwisho lini.

Halafu akauliza, kwa upole kabisa, "Na mguu wake sasa vipi? Kidonda kilifunga?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Nilijibu, "Ah, anaendelea vizuri." Nilidanganya ili asijue kwamba sijui. Nikaitikia kila kitu kwa kichwa kama mjuzi, na yeye akidhani tunakumbushana tu, akamwaga yote. Mishipa ya mguu ilivyovimba kwa kusimama. Ulivyopasuliwa. Alivyokuwa akikubeba kwenda bafuni, na wewe unamwomba radhi kwa uzito. Ulivyolia usiku, ukimtaja Mama, na ukimtaja Kidomo. Na kwamba daktari alikwambia ufanye kazi umekaa, ukamsihi asiandike, eti msimamizi atakuona umechakaa. Umerudi kusimama na mguu huo huo!

Na barua zako kwangu zinasemaje? "Mimi ni mzima wa afya, sina neno, hofu na mashaka ni kwenu." Zote. Hofu kwetu, Dada? Sisi wenye mgongo wa fundi bomba na sare za shule? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulitaka nijue siku ya kuletewa sanduku lako?

Tukaondoka kurudi nyumbani. Shemeji yako akaniuliza njiani, "Unamwonea wivu mtu aliyemuuguza dada yako? Si umshukuru?"

Nikamwambia, "Nitamshukuru. Niache kwanza nikasirike."

Ana haki, najua. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na yule mama alikufaa. Mimi mwenyewe fimbo ya mbali, nyoka gani nitamuua? Ningekuwa huko ningekubeba mgongoni mpaka huko bafuni na kurudi. Hilo ndilo linaloniuma. Sio kwamba alikubeba. Ni kwamba kama ningejua, japo ningekesha nikikuombea na kukuandikia upuuzi wa kukuchekesha. Zamu yangu ulimpa mtu mwingine, na mimi hukuniambia kuna zamu.

Nimemshukuru basi, usije ukasema sina adabu. Ijumaa alikuja nikampima gauni. Nimemshonea vizuri, bila kinyongo, au tuseme kinyongo kidogo kwenye pindo, ambako hakionekani. Alipoingia, Mama akainuka kumpokea kama unavyomjua, anatafuta birika, anatafuta vikombe, anashika meza. Yule mama, kwa mazoea yake ya huko, akamwambia, "Mama, kalia kiti."

Na Mama akakaa! Sisi tumemwimbia tangu tuna meno ya utoto hajawahi kukaa, mgeni kasema mara moja kakaa. Nikaweka mkasi chini. Lakini Mama hakumjibu ule mzaha wake wa kula kiti. Alimtazama tu, akamuuliza, "Mwanangu umemwacha anakaa, au amesimama?" Yule mama akanitazama mimi. Nikasema chai inachemka, nikaenda jikoni, na haikuwa inachemka.

Habari za mguu sijamwambia Mama, wala sitamwambia. Utamwambia mwenyewe, kwa simu, kwa sauti yako. Ila usichelewe, maana ameshaanza kuota, na unamjua Mama akiota.

Blauzi ya kijani uliyoniagiza nikushonee imekwisha, naituma pamoja na barua hii. Nimekuongezea pia sketi ndefu pana, imefunika mpaka vifundo, na kiunoni nimeweka lastiki. Ni sketi ya kukalia. Ukisimama nayo itaburuzika, nimeipima makusudi.

Ninalokuomba ni moja. Maneno "mimi ni mzima wa afya" usiniandikie tena, mpaka yawe kweli. Niandikie mguu. Niandikie ulilia saa ngapi na kwa nini. Barua ikiwa na machozi nitaianika dirishani na sare, ikikauka nitaisoma. Usiniwekee hofu kwangu wakati hofu yenyewe iko kwako. Na huyo dobi mwenzio, ninamkubali awe rafiki yako, hata neno letu aendelee kuliimba, nimempa ruhusa. Lakini kulia, Dada, kulia unaanza kwangu. Hapo sikubali kushindwa.

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula. Shemeji yako anakusalimu, na anasema nikwambie kwamba tangu siku ile anapiga mluzi akizibua mabomba, nimshangilie na yeye. Wanangu wanakusalimu wote, hasa huyo mwenye jina lako asilolitaka. Mjomba wetu fundi saa naye anauliza utarudi lini, na jibu hana, kama sisi.

Mola aukaze mguu wako, aupoze usiku wako, na akuinulie mtu mwema kila ninapokosa kufika, hata kama nitamwonea wivu.

Yule mzee wa gitaa alionewa haya na ukumbi mzima kwa dakika ile ya kuchechemea. Alipokaa, ikaisha, tukasikia gitaa tu. Mwenzake alikuwa karibu akamletea. Mimi mikono haifiki huko, kwa hiyo nakuletea kwa maneno yetu, yale niliyoyasikia mimi na wewe ukayakubali ukaunguza shati la Baba.

Dada, kalia kiti.

Wako akupendaye kwa wivu wote,
Kidomo