Jagi la Maji ya Chokaa

Baba,

Chai ipo kwenye chupa, ukirudi, unywe. ~~Tangi la samaki usiliguse tena.~~

Asubuhi ulilitikisa jagi la maji ya chokaa kama dawa ya kikohozi uliyokuwa ukininywesha utotoni, ukayamimina yote tangini. Maji yakawa kama maziwa, matumbawe yakajikunja, nami nikakufokea mbele ya wajukuu zako. Ukatoka bila kunywa chochote.

Matumbawe hayana kikohozi, Baba. Hujenga mifupa yake kwa chokaa, lakini yanataka yale maji maangavu ya juu tu, chokaa ikishatuama chini ya jagi, tone kwa tone. Sikuwahi kukueleza.

Tangi limeanza kutakata. Leo lipumzike. Nilitaka kulificha jagi, lakini nimelijaza upya na kulirudisha palepale. Kesho dondosha wewe.

Mwanao, mwenye mdomo