Wakili na Kichwa cha Kaka

Shoga, niko hapa nje ya ofisi ya wakili, hasira zimenikaba.

Nimemleta kaka kwa ile kesi ya lori lililomgonga akaumia ubongo. Wakili akamwambia, "Nieleze ajali yote, usiache kitu." Kaka akasema hakumbuki.

"Basi huna kesi."

Huna kesi, shoga. Mtu kapasuka fuvu.

Kaka akajikakamua mpaka jasho likamtoka, akakumbuka honi na rangi ya lori. Wakili akafunika kalamu. "Kumbe kichwa kizima. Huna kesi."

Nikamwekea mezani picha za ubongo tulizopewa hospitali. Akazitazama weee, akamgeukia kaka: "Pole sana. Mguu uliovunjika ni upi?"

Kaka, ambaye tangu ajali hajatania na mtu, akaninong'oneza: "Na huyu naye aligongwa na nini?"