Walikuwa Wapi Vijana wa Troyeville

Juu ya duka la fundi cherehani,
Troyeville, Johannesburg.
14 Agosti 2025

Mpendwa Kaka Khatibu,

Assalaam alaykum. Nakuuliza hali kwa kuwa nimelelewa na adabu, si kwa kuwa leo nina hamu ya kuijua. Wifi yangu Yasmin hajambo? Suhaib ameacha kukohoa? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya Agosti na vumbi lake vimetupasua midomo.

Mama yako, Mama Mkubwa Tabia, yuko salama katika eda yake. Anakula kidogo, analala kiasi, na tangu Baba Mkubwa atutoke tunakaa naye kila jioni kwa zamu, mimi na jirani yetu Jeannine. Ukimpigia simu usimwambie kwamba nimekuandikia kwa hasira. Ana yake ya kumtosha.

Salamu zimekwisha.

Nakuandikia barua kwa sababu umenitoa kwenye kundi la WhatsApp la Ligi ya Vyuo, na simu zangu hupokei. Mwenyekiti mzima! Umekaa barazani Tanga unatuendeshea ligi ya Johannesburg kwa kidole gumba, na meneja wa timu ya Troyeville akiuliza swali unamfuta. Basi barua hii anakuletea Adamu, anayekuja huko kwenye harusi ya dada yake. Nimemwambia asitoke mlangoni pako mpaka aone umeimaliza.

Vyuo vinane, kila kimoja kimepangiwa kucheza na wenzake wote, na vinne vinaingia mtoano. Mtoto wa chekechea angetazama msimamo akakwambia ni vyuo gani. Lakini wewe msimamo hukuutaka. Ulikuja na mambo uliyoyaona kwenye televisheni, kwamba Wamarekani, katika ule mpira wao wa vyuo wa kukumbatiana na kuangushana, huweka kamati ichague nani aingie mtoano na nani apangwe wa kwanza. Tukakwambia hata huko kwao watu wanagombana kila mwaka. Ukatujibu kwamba hatupendi maendeleo.

Haya, maendeleo yamefika. Midrand amepangwa wa kwanza, acheze na wa nne, tena kwake, kwenye nyasi zake. Ukiuliza kwa nini, kamati inasema wanaonekana timu kamili. Ni kweli, wana jezi za kufanana mpaka soksi, na basi dogo lenye nembo ya chuo ubavuni. Sisi tunakwenda uwanjani kwa miguu kupitia mtaa wa Bertrams, neti begani. Kamati imependa soksi.

Wa pili wenu tumemfunga. Wa nne wenu tumemfunga, tena akiwa kwake, na marefa wake. Midrand hatujamfunga wala yeye hajatufunga, kwa sababu hatujacheza naye. Mechi ile mmempa pointi za bure, sisi mkatuandikia kushindwa, kisha mkatuongezea utovu wa nidhamu. Ndivyo tulivyogeuka wa tano na kutupwa nje. Kura zilikuwa mbili kwa mbili, Khatibu. Ya tano ilikuwa yako.

Mimi sipingi kamati kwa kuwa ni kamati. Aliyeshinda aingie. Walio sawa kwa pointi, aliyemfunga mwenzake atangulie. Aliyecheza na wagumu asipimwe sawa na aliyeokota mabao kwa wachovu. Pale tu ambapo uwanja umeshindwa kusema, kamati iseme, tena iseme mtu aliyekuwepo. Wewe tangu urudi Tanga umeona mechi gani? Unatumiwa vipande vya video na Twalib, katibu wako wa huku Newtown, naye anatuma mabao ya wale anaowapenda.

Gradi, nahodha wetu, yule kijana wa Kikongo anayesomea uchomeleaji, anamaliza chuo Novemba. Huu ndio mtoano wake wa mwisho. Miaka yote aliyocheza hapa hatujawahi kufika huko, na mwaka huu tumefika kwa miguu yetu, si kwa huruma ya mtu.

Nilipowasomea uamuzi wenu uwanjani hakuna aliyetukana, na mimi nilitaka sana watukane. Gradi alikaa chini akaanza kufungua viatu. Akaniambia, "Eish, Mama Shufaa. Sisi tulimubeba muzee mpaka ku kaburi, leo banasema tulikimbia mechi?"

Ndiyo, Khatibu. Itazame tarehe ya mechi ile. Ni Jumamosi tuliyomzika baba yako. Ulikuwa umekosa ndege, unalia kwenye simu, unaniuliza kama wapo watu wa kutosha wa kumzika. Nikakwambia wapo. Hukuuliza ni akina nani.

Ni hao. Walikuwa wameshavaa jezi habari ilipowafikia, wakaja nyumbani nazo vilevile, Waislamu na Wakristo, wakapokezana jeneza. Wakati wa kufukia, Gradi alilichukua koleo mkononi mwa mtu mzima akamwambia apumzike. Baba yako alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha plastiki nyuma ya goli letu kila wiki, akiwatukana marefa mpaka sauti inakauka, na wao walimpenda kwa hilo. Kocha wa Midrand nilimpigia mwenyewe asubuhi ile. Akasema poleni, tutapanga siku nyingine, kama tunavyofanyiana siku zote kukiwa na msiba. Twalib alikuwepo makaburini. Alikula ubwabwa wa msiba, akanawa mikono, akaenda kukuandikia kwamba Troyeville hawakutokea.

Nawe ukapiga kura. Neno moja tu, kwa nini, lilikushinda kuuliza. Nimeumia, kaka, siwezi kukuficha. Nimeumia kuliko siku ile yenyewe.

Mtoano unaanza Jumamosi ya wiki ijayo. Kabla yake kuna Jumatano. Tupe Midrand siku hiyo, hukohuko kwake, kwenye nyasi zake. Tukifungwa tutatoka wenyewe na sitakusumbua tena kwa habari za mpira. Kama hutaki, basi futa maneno ya Twalib uandike wewe, mwenyekiti na mtoto wa marehemu, kwamba vijana hawa hawana nidhamu. Utie na sahihi. Nitaibandika ukutani chuoni.

Nisalimie wifi Yasmin, umbusu Suhaib, na Shangazi Nusaiba mwambie kanga zake zilifika. Mungu amwangazie Baba Mkubwa kaburini mwake, na wewe akulainishe moyo kabla ya Jumatano.

Mama Mkubwa hajui lolote. Hatoki, lakini jana amekiosha kile kiti cha plastiki, amekikausha, amekiweka mlangoni. Ameniambia siku ya mtoano nikibebe mpaka uwanjani, nikiweke palepale nyuma ya goli, vijana wakione. Kila nikipita mlangoni nakiona. Niambie wewe nimjibu nini.

Ni mimi dada yako, ambaye wiki hii kukupenda ni kazi ngumu,

Shufaa