Bendera Isiyotiwa Kiraka

Dada Kalondu,

Magoti yanaendeleaje? Huku Birmingham baridi inauma mpaka meno. Jumapili binti yangu Mueni alinipeleka kanisani, karibu na kwake Saltley, kwenye ibada ya kukumbuka kikosi kimoja cha askari wa miguu. Ukutani wametundika bendera yao kuukuu, imechanika mpaka unaona mawe kwa nyuma. Nikawaonea aibu. Nikamwambia Mueni awaeleze mimi ni fundi wa nguo, waniteremshie niishone wakati chai inachemka.

Mzee mmoja mwenye medali kifua kizima akanitazama kama niliyetaka kumvua suruali.

"Mum, hawaitii kiraka," Mueni akaninong'oneza. "Wanaiacha ioze yenyewe. Ndiyo heshima yao."

Heshima ya wavivu hiyo. Mtu wa kuibeba kwa glavu nyeupe siku za gwaride wanaye, wa kushika sindano hawana. Nikasogea karibu, nikaona wametarizi majina ya vita walivyopigana, na Afrika Mashariki imo. Ni vile vile Vita vya Kwanza vya Dunia ambavyo Babu yetu alibebeshwa masanduku yao ya risasi, asirudi. Nikamtuma Mueni amuulize mzee wapagazi wameandikwa wapi. Akajibu kwamba nafasi ilikuwa ndogo.

Nafasi ndogo, na nusu ya kitambaa ni maua.

Itie cherehani yangu mafuta, mpenzi, na unibusie wajukuu. Nikirudi nitatarizi jina la Babu kwenye kitambaa cha meza ya sebuleni, na siku kikichanika, tutakishona.

Ndugu yako,
Syombua