Bomba la Paka

Jumanne, Kitale

Huyu fundi na unadhifu wake! Nilimwambia bomba la maji moto litoke jikoni lipite ndani ya vyumba, penye joto, hadi bafuni. Yeye akalificha juu ya dari, chini ya mabati yenye baridi. "Si bomba ikionekana, mama, wageni watasema nyumba haijaisha?"

Sasa nyumba imeisha, na kuni zinaisha pia. Maji yanafika bafuni baridi kama ya mtoni.

Leo nimempata paka aliyetupotea wiki nzima. Amelala huko juu, amekumbatia bomba, amenenepa.

Mama mkwe anakuja Jumamosi kutoka Misikhu. Naogopa.

Kesho bomba linashuka. Wageni wacheke, lakini wacheke wakiwa wameoga.